Kuchagua hoteli ya ufukweni Zanzibar: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hurudi kila shule zinapokaribia kufungwa na kila Desemba inapobisha hodi. Wanaouliza ni watu wa Dar es Salaam, Arusha na Mwanza, ni Wakenya, na ni ndugu zetu wa ughaibuni wanaotaka kuwaonyesha watoto pwani. Majibu mengi yanahusu Unguja kwa sababu ndiko hoteli ziliko. Pemba, Mafia na Lamu vina swali lao huko chini.

Nianze na nini: bei, nyota au picha?

Anza na upande wa kisiwa. Unguja ni kisiwa cha urefu wa kilomita 85 hivi, lakini bahari ya Kendwa, kaskazini-magharibi, na bahari ya Jambiani, kusini-mashariki, hazina tabia moja. Moja utaogelea asubuhi, mchana na jioni. Nyingine itakuaga baada ya chai ya asubuhi na kurudi alasiri. Watu wanalipa hoteli ya nyota tano, wanafika, wanakuta mchanga mtupu hadi upeo wa macho, wanadhani wametapeliwa. Hawakutapeliwa. Picha walizoziona zilipigwa maji yakiwa yamejaa, na hakuna hoteli inayopiga picha maji yakiwa yamepwa.

Kwa hiyo mpangilio ni huu: upande kwanza, kisha mwezi wa kusafiri, kisha bei, na nyota ziwe za mwisho.

Kwani ni kweli bahari "inakauka"?

Mashariki, ndiyo. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa saa 24 na dakika 50 hivi, ndiyo maana kila siku saa za maji husogea mbele kwa karibu dakika 50. Pwani zote zina jambo hili, lakini mashariki linaonekana zaidi kwa sababu ya umbo la bahari yenyewe. Kuanzia Matemwe, Pwani Mchangani na Kiwengwa, ukashuka hadi Paje, Jambiani na Makunduchi, mwamba wa matumbawe uko mbali na nchi kavu, na kati yake na ufukwe kuna uwanda wa mchanga wenye maji haba. Maji yakipwa uwanda huo hubaki wazi, na unaweza kutembea kwa miguu mamia ya mita.

Jambo ambalo wageni wengi hawaambiwi ni kwamba kupwa hakulingani siku zote. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu tunapata bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti kati ya juu na chini inaweza kufika mita nne hivi. Katikati ya hapo ni maji mafu, ambapo bahari hubadilika kidogo tu. Na kwa pwani yetu saa zake hazibadiliki ovyo. Siku za bamvua maji huwa chini kabisa mishale ya saa nne hadi saa tano asubuhi, na hujaa mishale ya saa kumi alasiri. Siku za maji mafu ni kinyume: saa nne asubuhi bahari iko juu, nayo haijatoka mbali.

Maana yake nini kwako? Ukiwa umeipenda hoteli ya Paje au Matemwe na unataka kuogelea baada ya chai ya asubuhi, huna haja ya kubadilisha hoteli. Badilisha wiki. Kalenda ya Kiislamu iliyotundikwa ukutani inatosha: karibu na tarehe 1 na tarehe 15 ya mwezi ni bamvua, karibu na tarehe 8 na 22 ni maji mafu. Wavuvi hawana kalenda nyingine zaidi ya hiyo.

Nami nisiifanye bahari iliyopwa ionekane ni hasara. Ndio wakati kinamama wa Paje na Jambiani wanapoingia kwenye mashamba yao ya mwani, wengine wanapotafuta pweza kwenye mawe, na watoto wako wanapoweza kuona kiti cha pweza (nyota ya bahari) kwenye vidimbwi bila kuhitaji miwani ya kuzamia. Vaa viatu vya majini tu, kwa sababu kuna viumbe wa miiba mirefu myeusi ambao ukimkanyaga mmoja likizo yako imekwisha kwa siku mbili. Na usikanyage mwani wa watu. Ile mistari ya kamba na vijiti ni shamba, ni riziki ya mtu.

Basi wapi naweza kuogelea saa yoyote?

Kendwa, na upande wa magharibi wa Nungwi. Kule kina kinaanza karibu, na hata maji yakipwa unapiga hatua chache tu ukafika kiunoni. Ndiyo sababu bei zao ziko juu na ndiyo sababu kuna watu wengi. Nungwi ina kila kitu: maduka, migahawa, mafundi wa majahazi, na papasi (vijana wanaowinda watalii) watakaokuuzia safari ya kisiwa cha Mnemba kabla hujavua viatu. Sehemu nyingine za Nungwi maji yakijaa ufukwe wenyewe humezwa, unabaki na ukuta wa hoteli na mawimbi. Kendwa ina mchanga mpana zaidi, ila uliza kuhusu sherehe za usiku wa mwezi mpevu. Ukiwa na mtoto mchanga hutaki chumba kinachotazamana na spika.

Michamvi Kae, kule kwenye ncha ya rasi ya kusini-mashariki, inatazama magharibi na inapata machweo, jambo ambalo fukwe nyingine za upande huo hazina. Ni mbali, ni kimya, na mimi naipenda kuliko Nungwi.

Maeneo mengine yanatofautianaje?

Paje ni ya vijana na ya upepo. Wanaocheza na tiara zinazomvuta mtu juu ya maji hujazana pale, na wakati wa upepo mkali ni vigumu kuogelea kwa amani mbele ya vituo vyao vya michezo. Jambiani, jirani yake, ni kijiji hasa, chenye nyumba za wageni ndogondogo zilizochanganyika na nyumba za watu. Kama unataka kusalimiana na majirani asubuhi, kaa Jambiani.

Kiwengwa na Pwani Mchangani kuna hoteli kubwa zenye uzio, nyingi zikiwa na wageni kutoka Italia, ambako mtu anaingia Jumapili na kutoka Jumapili inayofuata bila kununua hata embe nje. Wapo wanaolitaka hilo, na si vibaya. Matemwe ni tulivu na iko karibu na Mnemba, kwa hiyo wanaopenda kuzamia na kutazama samaki waanzie hapo. Pongwe ni ghuba ndogo yenye hoteli chache. Kizimkazi, kusini, ina miamba na vighuba badala ya ufukwe mrefu, na watu huenda kuona pomboo. Ukienda, chagua nahodha asiyewafukuza pomboo kwa mashine.

Usisahau mji wenyewe. Mji Mkongwe, ulioingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, hauna ufukwe wa maana wa kuogelea, lakini kulala humo usiku mmoja au miwili kabla ya kwenda shamba ni jambo la busara. Utakula urojo, utatembea Forodhani jioni, na hutafika hotelini Nungwi saa tano usiku ukiwa hoi.

Niende mwezi gani?

Juni hadi Oktoba ni wakati wa kusi. Hewa ni kavu, jioni kuna ubaridi mzuri, na upepo unatoka kusini. Upepo huo unaupiga mwambao wa mashariki, na majani ya bahari huweza kurundikana ufukweni. Kendwa wakati huo imejikinga. Desemba hadi Februari ni kaskazi: joto, bahari yenye rangi zile za kwenye kadi, na upepo kutoka upande wa pili. Vuli hunyesha Novemba na kuingia Desemba, lakini mara nyingi ni mvua ya saa mbili kisha jua.

Masika ndiyo yenye mjadala. Kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Mei mvua ni ya kweli, na baadhi ya hoteli hufunga kabisa kwa ukarabati. Zinazobaki wazi hushusha bei sana. Kwa mtu wa Dar anayeweza kuamua Alhamisi na kuondoka Ijumaa, masika ni nafuu isiyo na mfano, kwa sababu anaweza kutazama mawingu kwanza. Kwa mtu anayetoka Toronto na tiketi ya miezi sita nyuma, hapana.

Bei hupanda Julai hadi Septemba, na hupanda zaidi kati ya Krismasi na mwaka mpya, ambapo hoteli nyingi zinadai usiku tano au zaidi kwa mkupuo, pamoja na malipo ya lazima ya chakula cha sherehe. Februari kuna tamasha la muziki la Sauti za Busara, na vyumba vya mjini huisha mapema.

Mimi ni Mtanzania. Nalipa sawa na mgeni wa nje?

Si lazima, lakini hakuna atakayekuambia usipouliza. Hoteli nyingi zina bei ya wakazi, ambayo haionekani kwenye mitandao ya kuweka nafasi. Piga simu hotelini, omba kitengo cha uhifadhi, sema wazi: "Sisi ni Watanzania, tunaomba bei ya wakazi, kwa shilingi." Watakuomba kitambulisho cha taifa siku ya kuingia. Baadhi hutoa bei hiyo kwa raia wa Afrika Mashariki wote, kwa hiyo Mkenya na Mganda naye aulize. Usione haya kupatana bei wakati wa masika au ukikaa zaidi ya siku nne. Wenyeji wa biashara hiyo wanategemea uulize.

BB, HB, FB na AI ni nini, na nichague ipi?

BB ni kulala na chai ya asubuhi. HB unaongezewa mlo mmoja, kwa kawaida wa usiku. FB ni milo mitatu bila vinywaji. AI ni kila kitu, vinywaji vikiwemo, ingawa "kila kitu" huwa na mipaka: uliza vinywaji gani, hadi saa ngapi, na kama maji ya chupa yamo.

Ushauri wangu: Nungwi, Paje na Jambiani chukua BB. Nje kuna migahawa mizuri na kuna mama ntilie wanaopika pweza wa nazi kuliko hoteli yoyote. Pongwe, Michamvi na sehemu nyingi za Kiwengwa chukua HB, kwa sababu usiku nje ni giza na teksi ni ghali. AI inamfaa mwenye watoto watatu wanaoagiza juisi kila nusu saa.

Niulize nini kabla ya kulipa?

Uliza kama hoteli yenyewe imegusa mchanga au iko nyuma ya hoteli nyingine. "Dakika mbili kutoka ufukweni" inaweza kuwa dakika mbili za kupita kwenye uchochoro wa jirani. Uliza kama kuna ujenzi pembeni. Pwani yote ya mashariki inajengwa, na nyundo huanza saa moja asubuhi. Uliza jenereta: umeme wa Unguja unakuja kutoka bara kwa waya uliopita chini ya bahari, na waliokuwepo kati ya Desemba 2009 na Machi 2010, kisiwa kilipokaa gizani miezi mitatu, hawasahau. Hali sasa ni afadhali sana, lakini umeme hukatika, na kiyoyozi kisichounganishwa na jenereta ni pambo la ukutani. Uliza maji ya bafuni, maana visima vya pwani vingine vina chumvi.

Kisha soma maoni ya wageni wa miezi mitatu iliyopita tu. Hoteli hubadilisha wamiliki na mameneja, na sifa za miaka mitano nyuma ni za watu walioshaondoka.

Nampeleka mama, magoti yanamsumbua. Na watoto je?

Kwa mama, omba chumba cha chini na uulize idadi ya ngazi kutoka hotelini hadi mchangani. Nungwi, Matemwe na Kizimkazi kuna hoteli zilizojengwa juu ya jabali, ngazi ni nyingi na zinateleza. Majumba ya zamani ya Mji Mkongwe ni mazuri lakini ngazi zake ni za mbao, nyembamba na zimesimama wima, na lifti ni adimu. Uliza pia kama gari linafika mlangoni. Mjini mara nyingi halifiki, mizigo hubebwa.

Kwa watoto, mashariki wakati wa maji mafu ni pazuri kuliko Kendwa, kwa sababu maji ni ya magotini na mwamba unazuia mawimbi. Hoteli iwe na bwawa kwa zile saa ambazo bahari imeondoka. Uliza umri ambao mtoto analala bure, maana kila hoteli ina wake, na kama kitanda cha ziada kinalipiwa. Malaria imepungua mno Unguja lakini haijaisha. Chandarua kishushwe jioni.

Ni fungate. Mnapendekeza wapi?

Michamvi, Matemwe, Pongwe, au mchanganyiko: siku tatu sehemu ya kimya, siku mbili Mji Mkongwe. Sema mapema kwamba ni fungate, peleka na nakala ya cheti cha ndoa ukiombwa; hoteli nyingi huongeza kitu, hata kama ni maua tu kitandani na keki. Na kama mmoja wenu ni mtu wa mazingira, fikirieni Chumbe. Ni kisiwa kidogo chenye hifadhi ya matumbawe, mnara wa taa wa mwaka 1904 na vibanda saba tu vya wageni. Vyoo havitumii maji, mvua ndiyo hukingwa kwa kuogea, na hakuna bwawa wala kiyoyozi. Si cha kila mtu, na bei si ndogo. Wanaopenda samaki na utulivu wakienda hawataki kurudi.

Unguja, Pemba, Mafia au Lamu?

Unguja kama ni mara ya kwanza na unataka uchaguzi.

Pemba kama umeshachoka na watu. Ni kisiwa cha vilima na mikarafuu, hoteli za kitalii ni chache, na fukwe kama Vumawimbi unaweza kuzikuta bila mtu. Ukienda lazima uende Ngezi kuona msitu. Usafiri ndani ya kisiwa ni wa polepole, kwa hiyo usiende kwa siku mbili.

Mafia kwa ajili ya bahari yenyewe. Papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani na asiye na madhara kwa watu, huonekana karibu na Kilindoni kuanzia Oktoba hadi Machi hivi. Hoteli nyingi ziko Utende, ndani ya eneo la Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia iliyoanzishwa mwaka 1995, na kiingilio cha hifadhi hulipwa kwa siku juu ya bei ya chumba. Kiulize mapema kisikushtue. Unafika kwa ndege ndogo kutoka Dar, nusu saa hivi, au kwa kivuko kutoka Nyamisati.

Lamu ni kwa mtu anayependa mji kuliko bwawa. Mji wake wa kale umo kwenye urithi wa dunia tangu 2001, punda ndio usafiri, na ufukwe mrefu uko Shela. Ndege inatua Manda, unavuka kwa boti.

Nitafikaje, na nibebe nyaraka gani?

Kutoka Dar, boti ya kasi ni kama saa mbili, kidogo chini au juu kutegemea bahari. Wakati wa kusi mwenye kichefuchefu akae nyuma, chini. Mtanzania abebe kitambulisho. Mkenya, Mganda, Mnyarwanda na wengi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hawahitaji viza, lakini wabebe pasipoti, na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Wageni kutoka nje ya nchi wanatakiwa kuwa na bima ya safari ya Shirika la Bima la Zanzibar tangu tarehe 1 Oktoba 2024. Bei ya mtu mzima ni dola 44. Inanunuliwa mtandaoni kabla ya kusafiri. Mtumie link rasmi ndugu yako wa Ulaya asije akaambiwa uwanjani.

Kutoka bandarini hadi Nungwi ni kilomita 60 hivi, saa moja na nusu kwa gari. Daladala namba 116 inafika huko kwa bei ya wenyeji, ila ukiwa na masanduku makubwa utawaudhi abiria wenzako.

Mavazi, pombe na Ramadhani vipi?

Nguo za kuogelea ni za ufukweni na hotelini. Ukitoka kwenda dukani kijijini, mabega na magoti yafunikwe, mwanamume naye avae shati. Jifunge kanga au leso, inatosha. Pombe inauzwa kwenye hoteli nyingi za kitalii, lakini zipo zisizoiruhusu kabisa, na familia nyingi huzichagua kwa sababu hiyo hasa, uliza. Ramadhani hoteli huendelea kama kawaida kwa wageni, lakini migahawa ya mitaani hufungwa mchana na kula barabarani ni kukosa adabu. Jioni, kwa upande mwingine, vyakula vya futari mjini havipatikani mwezi mwingine wowote.

Nimeona ukurasa wenye bei rahisi mno. Ni salama?

Kama wanataka pesa zote leo, kwa namba ya simu ya mtu binafsi, kwa sababu "chumba ni cha mwisho", acha. Tafuta namba ya hoteli kwenye tovuti yake, piga mwenyewe, uliza kama wanamjua huyo wakala. Hoteli na mawakala wa Zanzibar huwa na leseni ya Kamisheni ya Utalii, na mwenye leseni hachukii kuombwa namba yake. Lipa amana kwenye akaunti au namba ya malipo yenye jina la biashara, si zaidi ya kiasi mlichokubaliana kwa maandishi, na uandikiwe masharti ya kughairi: siku ngapi kabla, na unarudishiwa kiasi gani. Waandike pia kama bei imejumuisha kodi ya miundombinu inayotozwa kwa kila mtu kwa kila usiku, kwa sababu ndiyo inayoleta ugomvi mkubwa mapokezini siku ya kuondoka.